Nirudi kwenye sinia la mama mkwe, au nibaki na mizani yangu?

Bi Mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Umri wangu ni miaka 37 na nina watoto watatu. Tunaishi nyumba moja na mama mkwe wangu. Mume wangu anafanya kazi Unguja, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Jambo langu wengine wataliona dogo, lakini kwangu limeshaingia mpaka kwenye usingizi.

Mwaka jana nilikwenda hospitali kwa kuumwa na kichwa. Wakanipima, presha iko juu, na sukari wakaniambia imefika mpakani: bado si kisukari, lakini haiko mbali. Nilikuwa na kilo 84, urefu wangu sentimita 160. Nikapewa vidonge vya presha na nikaambiwa nipunguze mwili. Vipi nipunguze, sikuambiwa. Mwalimu mwenzangu akanionesha programu ya simu ya kuhesabu kalori. Nikaijaza, ikanipangia kalori 1,200 kwa siku. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, na tangu hapo kila kitu napima: boflo, muhogo, wali, hata tende.

Alhamdulillahi, mwili umepungua, sasa nina kilo 78. Lakini hapo nimekwama, wiki zinakwenda na mizani haisogei. Programu inataka nifike 60.

Tatizo ni sinia. Nyumba hii wanawake na watoto tunakula sinia moja, na chakula cha mchana anapika mama mkwe kwa sababu mimi huwa skuli. Chakula cha sinia huwezi kukipima, kwa hiyo nikaanza kujipakulia sahani yangu, nakula pembeni ya jamvi na simu iko pajani. Siku za mwanzo hakusema kitu. Akawa bado ananyofoa ule mnofu wa tumboni mwa samaki changu ninaoupenda, anausogeza upande wangu wa sinia kama alivyozoea, na mimi upande ule sipo. Mnofu unakaa pale mpaka sinia linaondolewa. Mwezi uliopita ndipo akasema: "Tangu lini mtu na mkwewe wakala mbalimbali kama wana kesi?" Nikanyamaza. Tangu hapo hanisemeshi ila la lazima. Wifi zangu wanasema nakidharau chakula cha mama yao. Majirani wananiuliza naumwa nini. Mume wangu kwenye simu ananambia yeye alioa mwanamke, hakuoa ubao. Ukweli ni kwamba mama mkwe hataki nipungue.

Habari ya sukari na presha sijamwambia. Baba mkwe alifariki kwa kiharusi baada ya kulala kitandani muda mrefu, na mama ndiye aliyemuuguza. Sitaki kumtia tena hofu ile.

Lililonifanya nishike kalamu ni binti yangu mkubwa, ana miaka 12. Juzi nilifungua daftari lake la hesabu kulikagua, nikakuta ukurasa wa nyuma ameandika: boflo 130, chai 60, embe 99, wali, na mbele ya wali ameweka alama ya kuuliza. Huyu ndiye aliyekuwa akigombania ukoko na kaka yake. Siku hizi anasema ameshiba wakati sinia halijafika nusu.

Mwenyewe napata kizunguzungu nikisimama ubaoni kipindi cha mwisho, na usiku naota maandazi. Ramadhani inakaribia, na futari zetu unazijua: majimbi ya nazi, ndizi, tambi, kaimati. Niendelee na mizani niwe mbaya nyumbani? Nirudi kwenye sinia ninenepe niingie kwenye maradhi? Au nimwambie mume wangu tuhame?

Mkazamwana, Wete

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Jambo lako si dogo hata kidogo. Uliambiwa mwili wako unaelekea kwenye maradhi, ukaachwa utafute njia mwenyewe, ukaipata na ukaishika kwa nidhamu ambayo wengi wetu hatuna. Njia ile imekupunguzia uzito. Lakini imekutoa kwenye jamvi la nyumba yako, imekutia kizunguzungu darasani, na sasa mtoto anaiiga. Umeniuliza uchague mizani au sinia. Naomba tulitazame kwanza hilo swali lenyewe, kwa sababu sina hakika kwamba hivyo viwili ndivyo vinavyogombana.

Naanza na kizunguzungu, maana hicho hakingoji. Wewe unameza vidonge vya presha. Uzito ukipungua, presha nayo kwa kawaida hushuka, na dozi iliyomfaa mtu wa kilo 84 huenda ikawa kali kwa mtu wa kilo 78 anayekula kidogo. Rudi kliniki wiki hii. Waombe wakupime presha ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama, wapime na sukari. Waambie wazi unakula kiasi gani. Vidonge usiviache wala usivipunguze kwa uamuzi wako.

Sasa hizo kalori 1,200. Programu inajua umri wako, urefu, uzito, na haraka uliyoiambia unayo. Haijui kuwa unasimama mbele ya watoto asubuhi kutwa na kurudi nyumbani kufua na kuosha. Kwa wanawake wengi wa umbo lako na shughuli zako, kiasi hicho ni kidogo sana kukiendesha miezi mfululizo bila mtaalamu kukufuatilia. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa wiki 24. Walikuwa wakila kiasi cha kalori 1,570 kwa siku na kutembea sana. Wale walikuwa wembamba tangu mwanzo, kwa hiyo hali yao si yako. Lakini nilipofika kwenye maandazi yako ya ndotoni niliwakumbuka. Walianza kuota chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakawa wakali kwa wenzao, wakahisi baridi wakati wengine hawana. Mwili unaonyimwa sana huivuta akili yote iende kwenye chakula. Ukijiona mlafi kwa ndoto hizo, unajionea.

Kukwama nako kuna sababu zake. Mwili wa kilo 78 unatumia nguvu kidogo kuliko wa kilo 84, kwa hiyo chakula kile kile kilichokupunguza mwanzoni baadaye hakikupunguzi tena kwa kasi ile. Ukipunguza zaidi, mwili hauli mafuta peke yake, unakula na misuli, na misuli ndiyo inayosaidia kuitumia sukari iliyomo kwenye damu.

Halafu kilo 60. Nani amezitaka, mwanangu? Kwa urefu wako, vipimo vya kawaida vinaita "uzito wa wastani" kuanzia kilo 47 hivi mpaka chini kidogo ya kilo 64, na programu imekuwekea shabaha ndani ya mstari huo. Lakini wewe ulianza safari hii kwa ajili ya sukari na presha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa mpakani kama yako. Kundi moja liliwekewa shabaha ya kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Kwa wastani walipunguza kilo zisizofika 6. Hao, uwezekano wao wa kuingia kwenye kisukari ulipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Piga hesabu yako: kilo 6 katika 84 ni asilimia 7. Hatua wanayoitafuta madaktari umeshaifika, na kazi iliyo mbele yako huenda ikawa kuishika kilo 78 kwa miaka, jambo ambalo ni gumu kuliko kupungua. Labda daktari ataona ushuke zaidi. Muulize yeye, na umuulize kwa sababu gani.

Mizani siitukani. Imekufundisha vitu ambavyo jicho halivioni. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina 9, ndiyo maana kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula, kalori 120 hivi, kinakaribia gramu 100 za wali mweupe uliokwisha kupikwa. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, amekula gramu 36 za sukari hajagusa chakula. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ni vizuri zaidi isizidi kiasi cha gramu 25. Hayo sasa unayajua, na hayatakutoka hata simu ikizimwa.

Lakini usiipe namba heshima isiyostahili. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania, kazi nzuri ambayo inakaribia vyakula vyetu kuliko programu nyingi za simu. Hata jedwali lile, ukifika kwenye wali wa nazi wa nyumbani kwenu, linakisia. Halijui mama mkwe amekuna nazi ngapi leo, ameikamua chicha mara ngapi, kasimile, lile tui zito la kwanza, yote ameitia kwenye wali au nusu ameibakisha kwa mchuzi. Unapima wali hadi gramu ya mwisho, na tui lililomo ndani yake hulijui. Binti yako ameliona hilo kabla yetu sote, ndiyo maana wali ameuwekea alama ya kuuliza.

Sasa mama. Umeandika kwamba hataki upungue. Nimeitafuta katika barua yako sehemu aliyosema hivyo, sikuiona. Alilosema ni kwamba mnakula mbalimbali kama watu wenye kesi. Uzito wako hakuutaja. Yule anayeendelea kusogeza mnofu upande usio na mtu, mimi namuona ni mtu anayekuita urudi ukae. Naweza kukosea, wewe ndiye unayeishi naye. Lakini itakuwa tofauti kubwa kwako ikiwa ugomvi mzima ni wa jamvi, na kalori hazimo kabisa.

Na hili la kumficha maradhi. Nia yako ni njema. Ila fikiria anachokiona yeye: mkewe mwanawe anakonda, hali naye, kimya, simu pajani. Mtu aliyemuuguza mume wa kiharusi anaijua presha kuliko wengi wetu, na kimya chako huenda kinamtisha kuliko ukweli. Wifi zako wamelijaza pengo hilo kwa maneno yao, majirani kwa yao.

Basi una njia gani? Ya kwanza ni kuendelea kama ulivyo, sahani yako na mizani yako. Faida yake ni kwamba unaijua vizuri na imekufaa. Hatari zake umezieleza mwenyewe, nami naongeza moja: mpango unaomtaka mtu ale peke yake maisha yake yote, kwa jamii yetu, mara nyingi huvunjika siku ya harusi au ya msiba, na ukivunjika mtu hurudi kula kwa pupa. Kama utaibakiza mizani, pengine itoshe kuitumia siku moja moja kuhakikisha jicho lako halijaanza kukudanganya.

Njia ya pili ni kurudi kwenye sinia ukiwa na kipimo chako. Sote tumelelewa na ile adabu aliyoifundisha Mtume, sala na salamu zimfikie, kwamba mtu ale kilicho mbele yake. Ukiitazama vizuri, ndani yake mna kipimo. Mbele yako pana eneo lako, na unaweza kulipanga kabla ya tonge la kwanza: mchicha au kisamvu kichukue nafasi kubwa, samaki wako awepo, wali uwe kiasi cha ngumi yako. Likiisha, umemaliza, unabaki umekaa unazungumza na watu. Kunde, choroko, dagaa na pweza hushibisha na hukaa tumboni, visiondoke mbele yako. Hatari ya njia hii ni kwamba wengine watakusogezea wali, na unapokula na watu wanaokula haraka mkono nao hufuata haraka. Wiki za mwanzo huenda ukapanda kilo moja, na baadhi yake ikawa maji tu. Utaweza kuiona ile kilo bila kukimbilia tena sahani ya pembeni? Jibu la hilo unalo wewe.

Ya tatu ndiyo naiona ina mengi ndani yake, na ndiyo inayohitaji ujasiri, maana inapita kwa mama. Uzito wa nyumba yenu unaamuliwa penye chungu, na chungu kiko mkononi mwake. Ukienda kwake jioni, wifi hawapo, ukamwambia: "Mama, nilipimwa, presha iko juu na sukari imefika mpakani, nataka unisaidie," unampa nafasi ambayo mizani ilimnyang'anya. Hapo mnaweza kuzungumza mambo ya jikoni: wali upikwe kwa tui jepesi na kasimile ibaki kwa mchuzi, shelisheli lichemshwe au lichomwe siku nyingine badala ya kukaangwa, chumvi ipunguzwe kwa sababu ya presha yako, na pengine ya kwake pia. Mwache yeye apendekeze. Mpishi wa umri wake ana njia za kukipa chakula ladha kwa ndimu, tangawizi na pilipili manga ambazo programu haizijui. Hatari ipo. Anaweza kuingiwa na hofu akawa mlinzi wako, kila tonge "usile hicho." Anaweza kumpigia simu mwanawe kabla hujamwambia wewe, kwa hiyo mume aambiwe kwanza. Na anaweza kukataa kugusa mapishi yake. Akikataa, hutakuwa umepoteza kitu, njia ya pili itakuwa bado ipo.

Kuhama sikukatazi, ni haki yenu kuzungumza na mumeo. Lakini angalia kama kutaondoa tatizo au kutaliweka kwenye nyumba nyingine, ambako binti atakuwa na mizani bila bibi.

Neno la mumeo limekuuma, na lina haki ya kukuuma. Sidhani anajua umeambiwa sukari iko mpakani, maana barua yako haikusema kama umemwambia. Mwambie akija, ana kwa ana. Majirani jibu moja fupi linawatosha: "Nafuata ushauri wa daktari." Huna deni la maelezo zaidi.

Nimemuweka binti mwisho, na yeye ndiye ninayemfikiria zaidi. Miaka 12 mwili wake unajenga mifupa na unajiandaa kwa hedhi, unahitaji chakula kingi, chuma na protini. Wasichana wanaoanza kujinyima katika umri huo wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia kwenye maradhi ya kula, ambayo ni maradhi ya kweli na hutibiwa. Sisemi ameingia. Kuandika namba nyuma ya daftari kunaweza kuwa udadisi tu wa mtoto anayempenda mama yake. Usimgombeze kwa daftari wala usimwambie hutaki kusikia tena neno kalori. Muulize kwa upole siku mkiwa wawili: aliandika kwa nini? Kuna mtu skuli amemsema mwili? Anaogopa nini kuhusu wewe? Huenda amesikia habari za sukari ukidhani hajasikia. Mwambie vidonge na vipimo ni vyako wewe, kwa sababu ya afya yako, na mwili wake una kazi nyingine. Mizani aione kidogo, na neno "nimenenepa" lisikike kidogo mbele yake. Kisha mtazame: akizidi kupungua, akificha chakula, akipata kizunguzungu, akikwepa kula na watu, mpeleke kwa daktari mapema. Unaweza kufikiria pia atajifunza nini akikuona umekaa kwenye sinia, unakula kilicho mbele yako, unaridhika. Sikulazimishi hilo, lakini katika njia zote tatu ndilo ningelipima kwanza.

Kuhusu Ramadhani, uliza kliniki saa ya kumeza vidonge, kati ya futari na daku, na kama kufunga kunakufaa kwa sasa ikiwa kizunguzungu hakijaondoka. Daku usiiache ili kubana kalori, maana kutwa nzima unaitegemea. Majimbi ya nazi, ndizi na tambi kwenye futari moja ni wanga juu ya wanga, kwa hiyo chagua kimoja kwa siku. Kaimati mbili ukizila kwa raha haziharibu kitu, bakuli zima ndilo linaloharibu. Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa kichwa.

Ukishapimwa, niandikie. Nataka kujua presha yako ukiwa umesimama ilisoma ngapi, na kama ulikwenda kwa mama, alikujibu nini.